Mufungaji wa Mvua Mwenye Matofali Mabichi

Mvua, sijawahi kuifunga ata siku moja. Nianze na hiyo, juu kuna watu wa Kasenga, hapa Uvira, wenye watasoma hapa na kusema: "Anaanza tena." Ndugu zangu, hii mikono yangu inajua kufunga kamba ya viatu na kamba ya mbuzi, na ata mbuzi yenyewe imenikimbia mara mbili.

Kazi yangu ni matofali. Masomo niliiachia mwaka wa ine wa sekondari, pale walituanzisha chimie, ndiyo kemia. Mwalimu aliandika ku tableau alama zenye nilifikiri anajaribu tu kama chaki inaandika. Kumbe ndiyo masomo yenyewe. Nikatoka inje, na tangu ile siku niko mu udongo. Ninauchimba, ninaukanyaga na maji, ninaujaza mu mule, kisanduku ya mbao ya kuupatia umbo, ninaanika matofali ku jua. Ikikauka, tunaipanga sawa nyumba ndogo yenye matundu chini, tunaingiza kuni, tunawasha moto siku mbili ao tatu. Hiyo nyumba ya kuchomea tunaiitaka furu.

Mbele ya kupita mu furu, tofali ni udongo tu wenye umenyooshwa. Mvua moja ya nguvu inatosha kuirudisha matope. Kwa hiyo mulimaji na mufanya matofali hawaombaka kitu kimoja kwa Mungu. Mulimaji anaomba mvua, minye naomba jua. Na watu wa kwetu wanamalizaka hesabu hiyo haraka: mwenye kupenda jua ndiye mwenye kufunga mvua. Mvua ikichelewa, hawaangalie mbingu, wanaangalia wafanya matofali.

Wenzangu wote wanasingiziwa hivyo. Minye peke yangu ndiye nilijisingizia mwenyewe.

Ilianza ku ndoa ya mutoto wa tantine yangu, dada ya mama, kule Nyamianda. Nilikuwa nimekata miti ya kushikilia bache, ile turubai ya kukinga wageni, mupanga ingali mukononi. Upepo ikaanza kuinua bache, watu wakapiga kelele. Nikachomeka mupanga mu udongo ili mikono yote miwili ibakie bure, nikakamata kamba. Ni hiyo tu. Juu ya mulima wingu ilikuwa imejaa, nyeusi sawa chini ya sufuria.

Tantine akapita, akaona mupanga, akasimama.

"Kumbe ni weye!"

"Ni minye nani, tantine?"

"Usinifiche. Weye si ndiye wa mwisho ku tumbo la mama yako?"

"Ni minye."

"Na umesimamisha mupanga, makali inaangalia mulima."

Kwetu wanasemaka kama mutoto wa mwisho akisimamisha mupanga mu udongo, mvua inakatika mbili, inapita kando. Nilikuwa najua hiyo mambo sawa vile kila muntu anaijua. Na minye, mudomo yangu haijawahi kuona mulango wazi ikakosa kuingia. Nikamujibu:

"Eh, tantine. Ya leo nimeifunga. Watu wakule tu bila woga."

Mvua ikanyesha ku mulima. Tuliiona kwa macho, nyeupe, imening'inia sawa shuka ku kamba, na haikushuka. Muntu wa Uvira anajua kama hiyo inafanyikaka kila mara: mulima unachukua yake, ziwa linachukua yake, na sisi wa katikati tunabakia tunaangalia. Lakini ile siku tantine hakutaka kujua habari ya mulima. Alipita meza kwa meza, ananionyesha na kijiko.

Kisha ya hapo wakaanza kuniita. Mama mwenye anaolesha mutoto alikuwa anatuma muntu: "Ule wa matofali aje na mupanga yake." Nilikuwa naenda. Ninachomeka mupanga nyuma ya nyumba, ninakunja uso sawa muntu mwenye tumbo inamuuma, kisha ninakula wali na nyama. Karibu kila mara mvua haikuja. Watu wakashangaa. Lakini waliweka ndoa zao mwezi wa saba na wa munane, wakati wa jua! Kufunga mvua mwezi wa saba ku Uvira ni sawa kulinda mulima usitembee.

Siku moja tu nilijua nimekwisha. Ilikuwa ndoa moja ya kule Rugenge, mwezi wa ine, mwezi wa mvua kabisa. Nikachomeka mupanga, nikakunja uso. Mvua ikanyesha mupaka gato, keki ya ndoa, ikakuwa uji, na bibi-arusi akavuliwa viatu, akabebwa mugongoni. Nikaanza kutafuta njia ya kupitia nyuma. Mama mukwe wa bibi-arusi akanishika mukono.

"Papa, usikimbie. Kosa haiko yako. Huyu musichana alikuwaka anakula ukoko mu sufuria."

Hiyo pia kila muntu wa kwetu anaijua: musichana akikwangua sufuria na kukulia mulemule, siku ya ndoa yake mvua itanyesha. Bibi-arusi alikuwa analia.

"Kwetu tulizaliwa tisa," akasema. "Nani hakukulia mu sufuria?"

Hakuna mwenye alimusikiliza. Waliniletea sahani ya pili.

Pale ndipo niliona vile hii mambo imejengwa, na imejengwa muzuri kushinda furu zangu. Mvua ikikosa, ni minye. Mvua ikija, ni bibi-arusi. Golikipa gani ana bahati ya namna hiyo? Mpira ukiingia, wanatafuta nani kati ya watazamaji alikula ukoko.

Nilitaka nijue kweli. Mu wakati wa mvua, nikafanya jaribio, kitu cha karibu na chimie yenye nilikimbia. Siku moja nachomeka mupanga nyuma ya nyumba, siku inayofuata naitoa, hivyo hivyo juma mbili. Mvua ilinyesha siku ya mupanga, ikanyesha siku isiyo ya mupanga, ikakosa siku zingine za huku na za kule. Siku moja ilinyesha mupaka ikaangusha mupanga yenyewe. Nikamuletea bibi yangu, mama wa watoto wangu, matokeo.

"Umeona?" nikamuambia. "Mupanga haifanye kitu."

Akafikiri.

"Mupanga yetu iko na kutu," akasema.

Mutaniuliza juu ya nini sikuacha. Nyama. Hilo ni jibu la kwanza. La pili ni hili: muntu mwenye aliachia mu mwaka wa ine, mwenye miguu yake iko na udongo kila siku, kisha anaingia mu ndoa na watu wanamusogezea kiti, si rahisi kusema "munirudishe ku benchi." Nilikuwa nasema kweli kidogo kidogo, nikiwa nacheka, na watu walicheka pia, na hakuna mwenye aliamini. Na hakuna mwenye aliniuliza swali la maana. Wakati ziwa lilipanda likaingia mu nyumba yetu pale chini, likakaa ndani sawa mupangaji, mufungaji wa maji alikuwa wapi? Alikuwa anabeba godoro ku kichwa, anakimbia sawa wengine.

Tangu ile maji, tulikuwa tunaikala kwa shemeji yangu, Kasenga, mu chumba kimoja nyuma ya jiko lake: minye, bibi yangu na watoto ine. Shemeji ni muntu muzuri, lakini alianza kukohoa kila mara tukipita. Bibi yangu akaniambia: "Unajengea watu wote. Mwaka huu jengea watoto wako." Tulikuwa na kiwanja kidogo huko juu, mbali na ziwa. Basi minye na rafiki yangu, mwenye tunafanya naye kazi, tukapiga matofali elfu sita. Hizo zilikuwa zangu. Tukazianika pale karibu na mutoni, chini ya mashamba. Tulikuwa na bache moja na majani ya kufunika. Ilibakia jua ya juma moja hivi, kisha tupange furu, tuwashe moto. Matofali ile ndiyo ilikuwa nyumba yangu yote, imelala chini.

Mwaka huo, mvua ya kwanza ilikuja kidogo, ikadanganya wamama. Walipanda maharagi na mahindi. Kisha ikakatika. Mwezi wa kumi ukaingia, mbingu safi sawa sahani yenye imelambwa na mbwa. Kila asubui nilikuwa natoka inje, naangalia juu, na roho yangu inafurahi. Siwezi kuficha. Sikuifunga, lakini kama kungekuwa na kamba ya kuifungia juma moja tu, ningeikamata na meno. Na watu waliniona naangalia juu na kucheka.

Wakaanza kunirushia maneno ku njia. "Papa, tuachie ata ya kunywa." "Umeifunga na kamba ya nailoni?" Minye nilijibu sawa siku zote. Kwa mama mumoja nilisema: "Nimeiweka mu bidon, nitawauzia." Alikuwa na jembe ku bega. Hakucheka.

Juu ya pale tunapigia matofali, kuna shamba ya mujane moja, mama wa umri wa mama yangu. Asubui moja alikuja kwetu kwa shemeji, na kuku mukononi, miguu yake imefungwa na kamba ya mugomba.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama."

Hakutaka kiti. Akaweka kuku chini.

"Nasikia watu wanakutukana. Minye sikuje kukutukana, mutoto yangu. Nimekuja kuomba. Fungua kidogo. Ukitaka, fungua ya shamba yangu peke yake, zingine uziache."

"Mama, sina ufunguo."

"Usinichekeshe. Maharagi iko mu udongo siku tisa. Niliweka mbegu yote, sikubakisha ata ya kupika."

Nikapiga magoti, kitu chenye sikufanyaka ata ku kanisa.

"Mama, kweli ya Mungu, sijui kufunga mvua. Nilikuwa nachekesha watu ku ndoa."

Akaniangalia pale chini.

"Na sasa unachekesha nani?"

Alipotaka kuenda, nikainua kuku nimurudishie. Akakataa na mukono.

"Ukinirudishia, nitajua umekataa."

Akaenda. Kuku ikabakia pale, inaniangalia na jicho moja.

Siku ya Mungu, kisha ya kanisa, shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akaniita kwake. Nilifikiri ni mambo ya usafi wa mufereji. Nikakuta uwanja imejaa: wamama wenye mashamba, vijana, wazee mbele ku viti. Fasi zingine nasikia wazee walipigwa juu ya mambo sawa hii, wengine walichomewa nyumba. Nilihesabu vijana, kisha nikahesabu njia za kutokea. Njia ilikuwa moja.

Kijana moja mwenye sauti akasimama.

"Papa, matofali yako ni ngapi?"

"Elfu sita."

"Inaomba jua siku ngapi tena?"

"Kama juma moja."

Akageukia watu. "Munasikia? Anajua ata siku!"

Watu wakapiga kelele. Nikasimama, nikawaambia yote: mupanga, upepo, bache ya Nyamianda, jaribio langu la juma mbili. Nikasema: "Minye ni muongo, lakini si mulozi." Nilifikiri watafurahi. Muzee moja wa mbele akatikisa kichwa.

"Mwenye kujua ndiye anasemaka hajui," akasema.

"Na mwenye hajui anasemaka nini, papa?"

"Yeye haitwe hapa."

Mama moja, mwenye nilikuwa ku ndoa ya mutoto wake, akainua kidole.

"Na mvua ya kwetu uliifunga na nini?"

"Mama, mulioa mwezi wa munane!"

"Basi rudisha wali yangu."

Wakacheka, na minye nikacheka, nikafikiri imeisha. Lakini shefu hakucheka. Akasema vile inafanywaka tangu zamani kwa wafanya matofali: wananipatia siku tatu. Mvua ikikosa, vijana wataenda na mabidon ya kuchotea maji, wamwangie matofali yangu mupaka ilowe yote. Mwenye hana matofali hana sababu ya kufunga.

"Shefu," nikamuuliza, "na mvua ikija yenyewe mbele ya siku tatu?"

"Itakuwa muzuri."

"Na matofali yangu?"

Akafikiri kidogo. "Yako italowa."

"Kwa hiyo, kwa upande yangu..."

"Kwa upande yako ni vigumu," akakubali.

Rafiki yangu alikuwa ananingojea ku njia. Nikamuuliza kama tunaweza kuwasha furu kesho. Alijua jibu sawa minye: tofali yenye haijakauka ikiona moto inapasuka. Akaniambia:

"Weye fanya hivi. Ita watu, ng'oa mupanga mbele yao, sema maneno mbili tatu za Kifuliiru cha wazee. Watarudi kwao."

"Na mvua ikikosa?"

"Unasema kuna mwenye amefunga kukushinda. Muambie ni wafanya matofali wa upande ingine."

Alikuwa anajua kazi yangu kuliko minye. Na nitasema kweli: nilikubali. Nilikubali muda wa kutosha kufika ku matofali na kuanza kutafuta fasi muzuri ya kusimama. Kisha nikainua macho, nikaona ule mujane mu shamba yake. Alikuwa amepiga magoti, anafukua mbegu moja na kidole, anaiangalia kama ingali muzima, anaifunika tena polepole. Anasogea hatua, anafukua ingine.

Nikamuambia rafiki yangu: "Leta mabidon."

"Ya kumwangia matofali?"

"Ya kumwangia maharagi."

Sikufanya juu niko muntu wa roho muzuri. Kuku ilikuwa kwetu, na kila mara nikipita inaniangalia. Mvua sikuwa nayo, lakini mabidon tano nilikuwa nayo, na mutoni haukuwa mbali. Siku mbili tulipanda na kushuka, bidon mbili mbili ku muti wa mabega, sawa watu wa kuchota maji ya ndoa. Mujane alikuwa anapita nyuma yetu na kikombe, anamwanga kidogo kidogo fasi mbegu iko. Shingo yangu ikakuwa ngumu, nikawa naangalia upande moja tu.

Watu wa kupita wakasimama ku njia. Nilifikiri wanaona haya.

"Anarudisha maji yenye alichukua," moja akasema.

"Ona, anashika muti na mukono wa kushoto."

"Wa kuume umechoka!" nikawajibu.

Wakatikisa vichwa. Mukono wa kushoto, siku mbili, bidon mbili mbili, na shingo imeelekea ku ziwa: yote ikakuwa na maana. Ku avenyu ikasemwa kama nimeanza kufungua.

Siku ya tatu, saa munane za mchana, upepo ikatoka upande wa ziwa, ikanuka maji. Nikaangalia nyuma: wingu ilikuwa imefunika Burundi yote, ng'ambo ya ziwa, na inakuja. Vijana walikuwa tayari wanapanda na mabidon yao kuja kumwangia matofali yangu. Wakasimama, wakaangalia mbingu, wakaniangalia. Kisha matone ya kwanza ikapiga majani, makubwa, moja moja, na nyuma yake ikashuka yote.

Nikaruka ku bache. Rafiki yangu akakamata pembe moja, minye ingine, na pembe mbili zikabakia zinapiga upepo.

"Mushike bache!" nikawalalamikia vijana. "Mushike huko!"

Hakuna mwenye alisogea. Walikuwa wanaruka, wanaimba, wamevua mashati. Wamama wakatoka mu mashamba, mikono juu. Kila mwenye alipita karibu yetu alisema: "Aksanti, papa!" "Aksanti sana!" Na minye nalia: "Bache! Bache!" Ule kijana mwenye sauti akataka kuja kutusaidia, mama moja akamuvuta.

"Acha," akamuambia. "Ni sadaka yake. Usimuharibishie."

Hivyo ndivyo elfu sita yangu ilienda. Watu zaidi ya makumi tatu walisimama pale na mikono muzima, wananiombea baraka, na matofali inayeyuka ku miguu yao. Yenye ilikuwa chini ya bache ndiyo ilipona, labda elfu moja na kitu. Ingine ilirudi kuwa udongo, nyekundu, inashuka ku mutoni.

Kisha ya mvua nikapiga telefone kwa dada yangu mwenye anaikala Bujumbura. Akaniambia kwao pia imenyesha saa ile ile. Nikazunguka avenyu nikiwaelezea watu: mvua ilinyesha Burundi, na minye Burundi sijawahi kufunga kitu, ata makaratasi ya kuvukia kwenda kule sina. Muzee wa kiti cha mbele akasema: "Kumbe inafika mupaka kule."

Bibi yangu alikuja kuangalia. Aliinua tofali moja, ikabakia mu vidole vyake sawa bugali. Akasimama hivyo, mukono wazi. Tulirudi kwa shemeji. Karibu na mulango akaniuliza, sauti ya chini:

"Niambie kweli. Uliifungua juu ya ule mama?"

Huyu ni muntu mwenye tumelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tano. Anajua kama siwezi kufungua ata kopo ya nyanya. Nikamuambia hapana. Akaitika. Lakini niliona haniamini, sawa ule muzee wa kiti cha mbele.

Kisha ya siku mbili, asubui, nikakuta vijana ku fasi ya matofali. Wako na majembe, miti, na majani ya kuezeka. Nilifikiri wamekuja kumaliza yenye ilibakia. Ule mwenye sauti akatoa kofia.

"Papa, ulipoteza matofali juu yetu. Tumekuja kuyapiga tena. Na shefu amesema tukujengee hangari, uanike ndani."

"Sikilizeni muzuri," nikasema. "Minye sikufunga kitu, na sikufungua kitu. Mvua ilikuja juu ni mwezi wa mvua. Mwenye anataka kusaidia, asaidie. Mwenye anataka kulipa mvua, arudi kwao."

Wakaangaliana.

"Tunajua, papa," akasema polepole. "Hauwezi kusema."

Akaingia mu udongo, akaanza kukanyaga. Wengine wakamufuata. Ningewafukuza, pale ndipo ningekuwa muntu wa kweli kabisa. Lakini nilifikiria chumba kile nyuma ya jiko, na shemeji anakohoa. Nikawaonyesha tu fasi udongo ni muzuri.

Matofali ilikauka mu hangari, polepole, katikati ya mvua nyingi. Tulichoma furu mwezi wa kwanza, wakati mvua inapumzikaka kidogo. Kuta za nyumba yetu zimesimama leo, na mabati iko juu. Maharagi ya mujane iliota. Alituletea ya kijani, bibi yangu akaipika na samaki ndogo za ndagala. Mama akaniambia mwaka unaokuja, nikitaka kufunga, nimujulishe mbele ili asipande.

Lakini mbele ya hiyo yote, siku yenye tulimaliza hangari, mvua ilitushika sote ndani. Ilikuwa inapiga sana, na vijana walikuwa na njaa.

"Papa," ule mwenye sauti akasema, "funga kidogo tufike kwetu."

"Siwezi."

"Dakika kumi tu."

"Siwezi, ndugu yangu. Angalia."

Nikatoka inje. Nikatembea mu ile mvua polepole kutoka kule mupaka kwa shemeji, bila kofia, bila kujifunika, nilowe mbele ya macho yao, wajue kama maji inanipiga sawa inapiga muntu yeyote. Walisimama ku mulango wa hangari, wananiangalia mupaka nilipotea.

Kesho yake ku avenyu wakaambiana kama ule muntu, mvua haimufanye kitu. Minye sikuwapo kujibu. Nilikuwa nalala chini ya mablanketi mbili, homa inanitetemesha, na bibi yangu ananinywesha chai ya tangawizi na kijiko.